Nusu Saa Kabla ya Mate

Meza niliitengeneza kwa mikono yangu, na sitaki mtu aniambie ilikuwa kubwa mno. Fundi mkuu wa karakana aliizunguka kama mnunuzi anayekagua ng'ombe, akauliza watu watatu wana haja gani na meza ya watu sita. Nikamwambia kwetu hatuko watatu, tuko wanne, na wanne wakikaa vizuri wanataka nafasi ya viwiko. Akauliza huyo wa nne yuko wapi. Nikawasha randa ya umeme, nikaiacha ingurume mpaka akaenda zake.

Wa nne ni dada yangu. Amenitangulia kuzaliwa kwa mwaka mmoja na miezi michache, na tulilelewa kama pacha: shuka moja, sahani moja, fimbo moja. Mimi nilikuwa mlaji, ndiyo maana akanipa jina la Tumbo, na mpaka leo hakuna mwingine ninayemruhusu kuniita hivyo. Yeye baba alimwita Dada, kwa sababu alipewa jina la shangazi yetu, dada yake baba, aliyefariki tukiwa wadogo. Basi nyumbani kwetu baba na mwana wote walimwita msichana mmoja Dada, na wageni wakacheka, na sisi tukazoea.

Ugonjwa wake haukuja kwa kishindo. Aliacha mafuta kwanza. Akaacha nyama. Akaacha chakula cha jioni, akisema amekula kazini. Huku nyuma akawa ndiye mpishi wa nyumba. Anapika, anapakua, anasimama kando na kitambaa mkononi akitutazama tunavyomaliza. Mwili wake ukawa unaisha kama sabuni kwenye maji. Mama alibembeleza, akalia, akaficha siagi ndani ya uji. Baba alinyamaza muda mrefu, kisha siku moja mezani, kwenye ile meza ya zamani iliyokuwa inacheza mguu, akasema: "Haya ni maradhi ya kujitakia. Mwenye njaa hula."

Dada aliweka kijiko chini taratibu, bila mlio. Kesho yake akahamia mji mwingine, akapata kazi katika duka la vitabu. Miaka mitatu hakukanyaga kwetu. Neno ni kama mate, likishatoka halirudi kinywani, na baba si mtu wa kuomba radhi. Ameendesha lori nusu ya maisha yake. Kwenda mbele anajua, kurudi nyuma anahitaji mtu wa kumwelekeza.

Mimi ndipo nilipoanza meza. Nilichagua mbao ngumu, nikazipiga msasa mpaka kiganja kikateleza juu yake kama juu ya maji, nikaunganisha kona kwa ndimi za mbao bila msumari hata mmoja, ili isije ikacheza. Nikatengeneza na viti. Kimoja nilikipunguza urefu wa miguu, kwa kuwa Dada hupenda nyayo zake ziguse sakafu. Kiti kile hakikukaliwa na mtu. Mama alikuwa akikifuta vumbi.

Kisha siku moja simu ikaita nikiwa kazini.

"Tumbo," akasema, na mimi nikakaa juu ya rundo la maranda.

Alizungumza haraka, kama mtu aliyejiandikia maneno. Hospitali anayotibiwa inashirikiana na watafiti wanaochunguza vinasaba, ile mirathi ya mwilini tunayorithi kwa wazazi, ili wajue kwa nini ugonjwa huu humkamata mtu mmoja ukamwacha mwenzake. Wanataka mate yake, na ya baba, na ya mama, na yangu.

Nikauliza kama nimesikia vizuri. Mate?

"Mate. Umetema maneno maisha yako yote, sasa utatema kitu chenye faida." Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. Kisha sauti ikabadilika. "Mtafiti atakuja nyumbani, na mimi nitakuja. Lakini nakuja kwa ajili ya mate tu, umenisikia? Mwambie mama asipike. Saa tisa nina basi."

Kumwambia mama asipike ni kumwambia jogoo asiwike. Alinisikiliza, akaitikia kwa kichwa, na siku yenyewe ilipofika niliamshwa na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Nilipomkumbusha tulivyokubaliana, aliniuliza kama nimewahi kuona mgeni akiingia katika nyumba hii akatoka na njaa. Nikamwambia huyu si mgeni. Akanitazama, akarudi kukoroga sufuria.

Mtafiti alifika kwanza, mwanamke mfupi mwenye miwani na kisanduku cha baridi begani kama muuza barafu. Baba akamwita daktari. Yeye akasema si daktari, ni mkusanya mate tu, na kwao wanamtania kwamba ndiye mtu pekee anayelipwa kwa kutemewa. Baba alicheka, na nilishukuru, kwa sababu tangu asubuhi alikuwa akinyoosha kola ya shati ambayo haikuwa imepinda.

Dada aliingia akiwa amevaa sweta. Nje jua lilikuwa linachoma mabati, na yeye amevaa sweta zito la mikono mirefu. Nilimkumbatia kama ninavyobeba kioo cha kabati, kwa viganja vilivyo wazi, nikiogopa pembe. Mama alimshika mashavu, akamshika tena, akashindwa kumwachia. Kisha Dada akamsogelea baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," baba akajibu, akiangalia viatu vyake.

Mama tayari alikuwa anapanga sahani. Nilimwona Dada anavyozitazama. Mabega yakampanda mpaka karibu na masikio, na mkono ukaenda kwenye mkoba wake, kama abiria anayehakikisha tiketi ipo. Nilijua kinachofuata. Atasema ameshakula njiani, mama atasema hata kidogo tu, baba atakohoa, na saa tisa itafika kabla ya wakati wake.

Lakini mtafiti ndiye aliyeinua mkono. Alimwomba mama radhi. Alieleza kwamba nusu saa kabla ya kutoa mate hakuna kula wala kunywa, hata maji, hata kutafuna ubani, kwa sababu mabaki ya chakula yanaharibu sampuli. Na sheria hii ni ya wote wanne. Sote tukamgeukia baba, aliyekuwa amekwisha kuchukua kipande cha mkate na kukitia mdomoni. Akaacha kutafuna. Shavu moja likabaki limevimba.

"Nimeze au niteme?" akauliza.

"Meza, mzee. Lakini nusu saa inaanza kuhesabiwa kwako."

Mama akaenda jikoni kupunguza moto chini ya sufuria ya wali, akafunika kila kitu, akarudi akiwa hana la kufanya na mikono yake. Tukakaa. Meza yangu kwa mara ya kwanza ilikuwa na wanne, na mtafiti wa tano mwishoni, na sahani mbele yetu zikiwa nyeupe na tupu. Hakuna aliyesema ongeza. Hakuna aliyesema mbona hivyo. Hakukuwa na sahani ya kupima wala mdomo wa kuchunga. Sote tulikuwa na vinywa vitupu kwa amri. Nikaona mabega ya Dada yanashuka, polepole, kama jeki inayofunguliwa. Akaweka viwiko mezani. Akapitisha kidole kwenye kona ya mbao.

"Hapa hakuna msumari," akasema.

Nikamwambia hakuna.

Mtafiti hakuipoteza ile nusu saa. Alitoa karatasi kubwa, akaanza kuchora ukoo: mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara, mstari unawaunganisha, watoto wananing'inia chini kama matunda. Duara la Dada alilijaza wino. Akauliza kama kuna mwingine katika familia, upande wowote, aliyewahi kuwa na shida ya namna hii na chakula. Baba akajibu kabla swali halijaisha.

"Hakuna. Ukoo wetu ni wa walaji. Babu yangu alimaliza beberu peke yake."

"Beberu kila siku linakuwa kubwa," mama akasema. "Nilipoolewa lilikuwa mguu tu."

Tulicheka, hata Dada. Lakini mimi moto wangu ulikuwa umeshawaka. Nikamuuliza mtafiti, akishapata mate yetu, ni lini atatuletea jibu. Akasema hatatuletea. Nikauliza tena, kwa sauti isiyo nzuri, kama tumeitwa hapa kutemea watu bure. Hakukasirika. Alisema mtu akisikia utafiti wa namna hii hudhani wanamtafuta mwizi mmoja, kitu kimoja ndani ya mwili kilichofanya kosa, wakikamate waonyeshe picha yake. Mwizi mmoja hayupo. Ni umati, pengine mamia, na kila mmoja amesukuma mlango kwa kidole tu. Na maisha nayo yanasukuma, maneno ya watu, huzuni, kufunga kula kulikoanza kama mchezo. Mlango wa mtu mmoja unasimama, wa mwingine unaanguka. Ili kuona alama za vidole vidogo hivyo wanahitaji mate ya maelfu na maelfu ya watu. Mate ya familia moja hayasemi kitu.

"Kwa hiyo," baba akasema, akiitazama karatasi na si mtu, "aliyeangukiwa na mlango hakujitakia."

"Hakuna anayejitakia, mzee."

Mama alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. Kisha, bila kuinua macho, akamwambia baba: "Na wifi yangu je?"

Baba akasema asimwingize marehemu katika mambo haya.

Picha ya shangazi iko ukutani kwetu, juu ya redio. Amesimama nyuma ya watu waliokaa, amebeba sinia. Kila picha yake iko hivyo. Katika ukoo mzima anasimuliwa kama mfano wa unyenyekevu: alipikia harusi zote, misiba yote, akapakua mpaka mtoto wa mwisho, na akiambiwa sasa kaa nawe ule, alijibu neno moja tu, "Nimeshaonja jikoni." Wanawake waliwaambia binti zao, tazameni mtu aliyelelewa. Sisi wenyewe tulilelewa na sentensi hiyo. Dada alipoanza kusimama na kitambaa mkononi, watu walimwambia amerithi heshima ya shangazi yake.

"Mimi ndiye niliyemwosha," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Mimi na wenzangu wawili. Tulipotoka mle chumbani hatukuweza kutazamana. Hakuwa ameonja jikoni. Hakuwa ameonja popote."

Baba alivua kofia yake, akaiweka juu ya sahani tupu. Alipoanza kuzungumza alimwambia mtafiti, kama vile ni rahisi zaidi kumwambia mgeni. Alisema walipokuwa watoto dada yake alikuwa akimsukumia chakula chake chini ya meza, na yeye alikula, kila siku alikula, akidhani ndivyo dada wanavyopenda. Alikuwa akijisifu shuleni.

"Mchore," akasema mwisho. "Mtie wino."

Mtafiti akachora duara karibu na mraba wa baba, akalijaza taratibu mpaka likawa jeusi kama lile jingine. Sasa yalikuwa mawili kwenye karatasi, moja juu, moja chini.

Baba akamgeukia binti yake. Safari hii hakuangalia viatu. "Maradhi haya niliyaona mara mbili," akasema, "na mara zote mbili sikuyajua. Lile neno langu, Dada. Si kweli."

Dada alikuwa anaitazama karatasi. Nilidhani atalia, au ataondoka. Badala yake aliuliza swali dogo.

"Alikuwa anapenda nini? Shangazi. Chakula gani alikipenda?"

Tukatazamana. Mama akatikisa kichwa. Mtu aliyepikia ukoo mzima, na hakukuwa na mmoja wetu aliyejua.

Nusu saa ikaisha. Mtafiti akagawa vichupa, kila kimoja na faneli yake ndogo na mstari ubavuni. Tuteme mpaka mstarini, na mapovu hayahesabiwi. Baba alimaliza mapema, kwa ustadi wa mtu aliyetema mate dirishani barabara nzima. Mama aliona haya, akageukia ukuta na kujifunika mtandio, na tukasikia tu "ptu" moja baada ya nyingine, za adabu, mpaka Dada akaficha uso kwa kicheko. Mimi nilijaza changu kwa hasira.

Cha Dada kilibaki kikavu. Alijaribu, akajaribu tena. Ugonjwa humkausha mtu hata kinywa. Mtafiti alimwonyesha jinsi ya kusugua mashavu kwa nje, kisha akasema kile anachowaambia watu wote: fikiria chakula unachokipenda.

Niliinuka. Kiti changu kilianguka nyuma. Nikamwambia mtafiti kwamba kama hajui anazungumza na nani, afunge kisanduku chake aende, kwa sababu hakuna ukatili kama kumwambia mtu asiyetamani chakula afikirie chakula.

"Tumbo, kaa," Dada akasema.

Sikukaa.

"Nani kakwambia sitamani?" Aliuliza bila kupandisha sauti, kichupa kikiwa mkononi. "Mimi ndiye mwenye njaa kuliko wote hapa. Kazini nasoma vitabu vya mapishi, nimemaliza rafu nzima. Naota nakula. Naamka natetemeka kwa hofu, nanusa vidole vyangu, nikikuta havinuki kitu nafurahi, halafu nalia. Nyinyi mnakula mnasahau. Mimi sijasahau hata tonge moja tangu nizaliwe." Akanigeukia. "Unakumbuka ukoko?"

Nani asahau ukoko? Wali ukishapakuliwa, mama alituachia sufuria, tukakwangua ule uliogandia chini, wa kahawia, mkavu, wenye harufu ya moshi. Yeye ndiye aliyekwangua na yeye ndiye aliyegawa.

"Ule wa pembeni," nikasema. "Ulioinuka kama gamba."

"Uliopata mafuta kidogo."

"Ukiuvunja unalia."

Akainamisha kichwa, akatema. Akatema tena. Mtafiti aliegemea mbele kuutazama mstari. Na hapo ndipo mama alipoinua pua hewani, uso ukambadilika, akasema wali wangu, akakimbia. Mwanamke ambaye tangu aolewe hajawahi kuunguza hata chai, aliusahau wali motoni nusu saa nzima. Harufu ikaja mpaka mezani, ile ile, kahawia, ya moshi, na Dada akafumba macho. Kichupa kikapita mstari.

Mtafiti alikifunga, maji ya dawa yaliyokuwa kifunikoni yakashuka ndani, akakitikisa, akakilaza katika kisanduku pamoja na vya kwetu. Nilimsaidia kubeba mpaka mlangoni na kumwomba radhi kwa ukali wangu. Akasema amezoea, nyumba isiyokuwa na mtu wa kusimama na kuangusha kiti ndiyo inayomtia wasiwasi. Alikuwa na nyumba nyingine ya kwenda, na nyingine baada ya hiyo.

Niliporudi, baba na mama walikuwa wanakula, macho kwenye sahani zao, wakizungumzia bei ya mabati kama watu waliolipwa kufanya hivyo. Mbele ya Dada hakukuwa na sahani. Kulikuwa na sufuria. Mama alikuwa ameiweka pale pamoja na kijiko cha chuma, kama zamani. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa tisa.

Dada alikwangua kwa muda mrefu. Gamba moja likainuka zima, pana kama kiganja. Akalivunja vipande viwili, na kikubwa akanisogezea mimi, kama alivyofanya tangu utotoni, na tangu utotoni sikuwahi kulalamika.

Baba alikuwa anairudisha kofia kichwani; nikaona imesimama nusu ya njia, na macho yake yako kwenye kile kipande kikubwa.

"Gawa sawa," nikamwambia Dada.

"Tumbo kakataa chakula?"

"Gawa sawa. Sitaki cha dhuluma."

Akanitazama. Akachukua kipande changu, akakimega, akakipima na chake kwa kuvisimamisha mezani bega kwa bega, juu ya mbao zangu, akamega tena kidogo mpaka vikalingana. Kisha akakaa na chake mkononi.

Nikageuza kichwa. Mama akageukia ukuta. Baba akaanza upya habari za mabati. Nilitazama nje dirishani, kwenye kamba ya nguo, kwenye paka wa jirani, nikatazama kwa nguvu zangu zote, na nyuma yangu nikasikia ukoko unalia katikati ya meno yake. Mara moja. Nikadhani ndiyo basi. Kisha mara ya pili.

Kilichobaki alikikunja katika karatasi laini, akakitia mkobani, akasema basi halimsubiri mtu. Nilimsindikiza mpaka kituoni nikiwa bado nimeshika kipande changu. Basi lilipoondoka na kupinda kona ndipo nilipojaribu kukila, na kinywa changu, mimi Tumbo, kilikuwa kimekauka.